Karatasi Niliyoibandua

Jana asubuhi, kwenye kundi letu la simu la wafanyakazi wa zamani, wameandika kwamba Mzee Respicius amefariki nyumbani kwake Kyerwa. Chini ya tangazo mtu akaongeza: "Jovinata aandike wasifu wake wa kazini, yeye ndiye alikaa naye chumba kimoja." Wakafuata wengine kumi na kitu kukubali kwa vidole gumba. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nimekaa na daftari tangu jana. Nimeandika "Alikuwa mtu wa watu" nikafuta, nimeandika "Alitulea" nikafuta, maana kila sentensi ya msibani inanisuta. Kwetu msibani hakuna marehemu mbaya, wala mfanyakazi mwenzake mbaya hayupo. Sote tunakuwa wema mpaka tuanue matanga. Basi nitaandika kitu kingine kabisa, ambacho hakitasomwa kwenye kipaza sauti. Nilipoanza kazi kwake nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti kipya cha kompyuta na kimbelembele cha kuwatosha watu wawili.

Shirika lenyewe sitalitaja. Lilikuwa linanunua kahawa ya wakulima. Ofisi kuu Kayanga, tawi Rubwera, na kituo kidogo kule mpakani Murongo. Niliripoti kazini msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, wakati kila mtumishi ana mfuko wa nailoni chini ya meza na mabawa ya senene yamejaa kwenye kibodi za kompyuta, na bosi akipita watu wanafunika kwa gazeti. Chumba cha mitambo kilikuwa zamani stoo ya magunia. Kilinuka maganda ya kahawa hata baada ya kupigwa rangi mara mbili. Kulikuwa na dirisha moja la nondo, feni ya mezani, kabati la mbao alilolichonga fundi wa hapo hapo Kayanga, na ndani ya kabati seva yetu, kubwa, ya rangi ya majivu, inanguruma kutwa nzima. Mzee Respicius alikaa mbele yake amevaa sweta hata jua likiwaka. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitikia marahaba bila kugeuka, akasema, "Umekula?" Nikajibu nimekunywa chai. "Chai si chakula," akasema, akafungua hotpoti ya mkewe, ndizi na maharage yaliyokolea mpaka rojo limekuwa zito, akanigawia kwenye mfuniko. Tangu siku ile sikuwahi kununua chakula cha mchana kwa muda wote aliokuwepo.

Nataka mtu asiyejua mambo haya aelewe, maana bila hayo hataelewa nilichofanya. Seva ile ndiyo iliyokuwa inajua nani ni nani. Karani wa Murongo akiwasha kompyuta asubuhi na kuandika jina lake na neno lake la siri, kompyuta ile haimjui, inauliza Kayanga. Seva ikisema ndiye, anafungua. Ikisema simjui, atakaa pale na foleni ya wakulima mbele yake kama sanamu. Mzee alisema mashine ya namna hiyo hubeba majukumu matano, na alikuwa ameyapa majina yake mwenyewe: mshika saa, mgawa namba, mtunga sheria, mpokea matawi na mlinganisha majina. Alinifundisha kwa mwezi mzima, tunakula, yeye anachora kwenye karatasi za kufungia vifurushi. Kwamba majukumu hayo yakihamia kwenye mashine mpya kuna njia mbili tu. Ya kwanza, mashine mbili zote ziko hai, ya zamani inaiachia mpya, zinaelewana, yamekwisha. Ya pili ni pale ambapo ya zamani imekufa, hapo unanyang'anya. "Na ukishanyang'anya," akasema, akaweka kijiko chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, "ile ya zamani isiguse tena waya wa mtandao. Hata ikifufuka. Yenyewe haijui kwamba imenyang'anywa. Itajiona bado ndiye mkubwa, nusu ya kompyuta zitaifuata yenyewe na nusu zitafuata mpya, na hapo, Jovi, utatafuta pa kukimbilia." Nikaandika kwenye daftari. Ninalo mpaka leo, na mwandiko ni wangu, kwa hiyo siwezi hata kujidanganya kwamba sikuambiwa.

Kati ya chumba chetu na ofisi ya Meneja palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Tulisikia kikohozi chake, tulisikia akigombana na mkewe kwenye simu. Siku moja Mzee ametoka kwenda benki, nikamsikia Meneja akiongea na Mwenyekiti. "Huyu mzee anaringa kwa sababu hakuna mwingine anayejua," alisema Meneja. Mwenyekiti akauliza amebakiza muda gani. "Miezi kumi na kitu astaafu." Halafu Meneja akasema maneno ambayo niliyapokea kama mtu aliyepewa ng'ombe: "Lakini yule binti ana akili kuliko yeye. Tukileta mashine mpya, akiihamisha yule binti, mzee hatutamhitaji." Mgema akisifiwa, mwajua wenyewe. Ningekuwa na adabu ningemwambia Mzee mchana ule ule, aliponigawia hotpoti yake. Badala yake nilikula ndizi zake nikiwa najiona mtu mkubwa, nikamwangalia anavyotafuna polepole upande mmoja kwa sababu ya jino, nikawaza: kumbe huyu amezeeka.

Mashine mpya ililetwa miezi michache baadaye, nyembamba, nyeusi, inapumua kimya. Mzee aliiangalia kwa furaha ya kweli. Watu waliosema baadaye kwamba aliikataa walisema uongo, na mimi nilikuwepo. Alipanga tuhamishe majukumu yote Jumamosi, yeye na mimi, ofisi ikiwa tupu. Jumatano wakampigia kwamba shangazi yake amefariki Murongo. Akaondoka siku hiyo hiyo, akaniachia ufunguo na neno moja: "Usiguse mpaka nirudi." Alhamisi umeme ukakatika kwa radi, uliporudi seva ya zamani ikagoma kuwaka. Nikabonyeza, kimya. Meneja akaja akasimama mlangoni na mikono mifukoni. "Mgeni rasmi wa uzinduzi anakuja wiki ijayo, Ijumaa. Wewe umesoma au hukusoma?" Nikampigia Mzee mara mbili, sikumpata, Murongo ukikaa upande ule simu inadaka mtandao wa Uganda. Ningeweza kumtuma mtu wa bodaboda na kikaratasi. Ningeweza kusubiri siku chache. Sikufanya, na sababu si hofu ya Meneja. Sababu ni kwamba nilifurahi. Nilikaa mbele ya ile mashine nyeusi, nikanyang'anya majukumu yote matano, moja baada ya jingine, na kila lilipokubali nilihisi raha hapa kifuani. Nikalifuta na jina la ile ya zamani kwenye orodha, kama alivyonifundisha. Mchana kompyuta zote zilikuwa zinafungua. Meneja akanishika bega mbele ya makarani wote.

Mzee alirudi Jumatatu, kichwa kimenyolewa. Nikamweleza haraka haraka, kama mtoto anayesoma matokeo yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa waya wa umeme nyuma ya seva ya zamani, akachomoa na ule wa mtandao, akakaa. "Hii ina ugonjwa wake," akasema. "Radi ikipiga, inataka kupumzika robo saa bila chochote." Tukasubiri robo saa ile. Akaichomeka umeme, akabonyeza, ikanguruma kama kawaida yake. Kulikuwa na mafaili ya miaka ya nyuma humo ndani, akasema atayatoa taratibu kisha aizime moja kwa moja. Hakunigombeza. "Ungeningoja tu, Jovi," ndilo alilosema, na mimi nikaona kwamba ananionea wivu. Akachukua karatasi nyeupe na kalamu nene akaandika kwa herufi kubwa: USICHOMEKE WAYA WA MTANDAO. IMENYANG'ANYWA. Akaibandika kwa gundi ya karatasi katikati ya uso wa mashine.

Sasa nyie mnajua uzinduzi wetu ulivyo. Hata choo cha shule kikijengwa kitakatwa utepe. Mashine ambayo ilikuwa inafanya kazi wiki nzima ilipaswa "kuwashwa rasmi" na mgeni rasmi, na kwaya iimbe, na risala isomwe. Na Meneja akaja na wazo lake. "Ziwekwe zote mbili mezani pale ukumbini," akasema, "ya zamani kushoto, mpya kulia, zote zinawaka. Mgeni aone tulikotoka na tulikofika." Mzee akasema iwake, haidhuru, ila waya wa mtandao usiingie. "Haya, haya," akasema Meneja, na akampangia Mzee kwenda Rubwera siku hiyo ya Ijumaa kukagua kompyuta za tawi. Yaani mtu aliyejenga mtambo wote ule, siku ya sherehe yake anatumwa Rubwera. Alikwenda. Alisema akimaliza atapitiliza nyumbani kwake, tutaonana Jumatatu.

Nilizipanga mwenyewe zile mashine juu ya kitambaa cheupe, na maua ya plastiki katikati. Na ile karatasi ikaniudhi. Imejikunja pembeni, mwandiko wa mzee, gundi imeacha madoa. Mgeni rasmi atafikiri tunaishi porini. Nikaibandua. Nikaikunja, nikaitupa kwenye ndoo ya taka. Halafu nikaona kitu kingine: ile mpya taa zake za nyuma zilikuwa zinapepesa kijani, tiki tiki tiki, kwa sababu ina mtandao, na ile ya zamani ilikuwa imekodoa tu. Ilionekana imekufa. Kioo chake nacho kilikuwa kitupu, na mimi nilitaka mgeni aone majina ya watumishi yakishuka. Jamani, ni hicho tu. Hakukuwa na shetani, hakukuwa na njama. Nilichukua waya wa bluu nikauchomeka ili taa zipepese, nikaingia kwa jina langu, majina yakashuka, ikapendeza. Nilijiambia ni nusu saa tu, nitauchomoa. Mgeni akakata utepe, wamama wakapiga vigelegele, Mwenyekiti akanitaja kwenye hotuba kama "kijana wetu msomi". Halafu wakasema chakula tayari. Kulikuwa na pilau, ndizi za nyama, kuku, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wazee. Nilikula nikashiba, vijana wakazirudisha mashine kabatini na kuzichomeka kama zilivyokuwa ukumbini, nami nikaenda nyumbani nikalala kama mtu mwema.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kununua kahawa. Kompyuta nyingine zilimkubali mtu, nyingine zikamkana. Makarani wa msimu tuliowasajili kwenye mashine mpya walikuwa hawajulikani kabisa. Waliokuwa wamefukuzwa wakawa wanakubaliwa kwa maneno yao ya siri ya zamani. Murongo mizani ilisimama. Rubwera wakulima walipanga magunia mpaka barabarani, mawingu yakakusanyika, mvua ikawanyeshea na kahawa yao, na wengine wakaamua kuipeleka kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Mzee alikuwa akipita Rubwera asubuhi ile akitoka kwake, akaelewa kabla ya sisi wote. Alikuja Kayanga kwa bodaboda, tope mpaka magotini, akaingia chumbani hata hakusalimia, akainama nyuma ya kabati, akauona waya wa bluu. Aliuchomoa. Akatazama uso wa mashine, pale palipobaki alama ya gundi. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na daftari kifuani, na nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Vijana wa kubeba nadhani walichanganya." Akasema, "Lete kiti. Tuna kazi." Alifanya kazi siku mbili, kompyuta moja baada ya nyingine, na chakula chake alinigawia kama kawaida.

Lazima mtu alipe, ndivyo mambo yalivyo. Wakulima walitaka mtu, Mwenyekiti alitaka mtu, na Meneja aliyeagiza zote mbili ziwake hakuwa tayari kuwa mtu huyo. Jioni ya kuamkia kikao cha nidhamu aliniita. "Waya ule ulichomeka wewe?" Nikasema sikumbuki vizuri, watu walikuwa wengi. Akanitazama muda, akatabasamu. "Basi kama hukumbuki, usikumbuke." Nilirudi chumbani, nikafungua seva ya zamani, nikaenda pale inapoandika nani ameingia na saa ngapi, nikalikuta jina langu, siku ya Ijumaa. Nikazifuta kumbukumbu zote. Niliona ukurasa umebaki mweupe, nikazima taa bila kuangalia tena.

Kikaoni walikuwa watano, mezani kuna maji ya chupa na karanga. Mzee alivaa koti. Walimuuliza kwa nini aliufufua mtambo uliokwishaondolewa, tena bila kibali cha maandishi. Akaeleza mafaili ya zamani. Wakamuuliza kama aliacha onyo lolote kwamba ni hatari. "Niliandika karatasi kubwa nikaibandika juu yake," akasema. "Iko wapi?" Akasema hajui. Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, wewe ndiye ulizipanga siku ya sherehe. Uliiona karatasi hiyo?" Ninaweza kuchora chumba kile mpaka leo: nzi kwenye karanga, Meneja anafuta miwani, Mzee hajanitazama, anatazama mikono yake. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nadhani alijua kwamba hapo nitasema, maana jambo lenyewe lilikuwa dogo mno: ndiyo, niliiona. Neno hilo moja lingemwachia kazi yake na kunitoa mimi. Nikasema, "Sikuona karatasi, Mwenyekiti." Jumba bovu likamwangukia Mzee. Amebakiza miezi minane astaafu kwa heshima, akaandikiwa barua ya kuachishwa kwa uzembe. Siku ya mwisho aliomba nusu saa peke yake chumbani, akasema anataka kuziaga mashine, wakamcheka, wakamruhusu.

Watu huniuliza kwa nini sipendi kusifiwa kazini. Wanadhani ni unyenyekevu. Nimekuwa mkuu wa mitambo tangu mwaka ule, nimefundisha vijana wengi, nimewachangia chakula, na kila mmoja nimemwogopa, kwa sababu najua kijana anaweza kula ugali wako mchana na jioni asikumbuke kitu. Sijui kama hilo ni toba. Nadhani ni uoga tu wenye umri mkubwa.

Miezi mitatu baada ya kuondoka kwake, ofisi ikagundua kwamba hajajaza fomu ya kuondoka kazini, ile ambayo mtu anasaini kwamba amerudisha vitu vyote na hana dai lolote, na mwenzake anashuhudia. Wakanituma mimi, na ufunguo wa akiba wa chumba nikauchukue. Nilishuka Rubwera nikachukua bodaboda mpaka kwake, nyumba ya bati katikati ya migomba, kahawa imeanikwa uani juu ya turubai. Mkewe alinipokea begi, "Karibu waitu, karibu mwanangu," akaingia jikoni bila kuuliza nimefuata nini. Mzee alikuwa anageuza kahawa kwa mguu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akanawa, tukakaa sebuleni chini ya kalenda ya kanisa, akaisoma ile fomu mstari kwa mstari na miwani ya mkewe, akasaini. Niliapa njiani kwamba leo nitamwambia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nadhani, ila yeye akatangulia.

"Kumbukumbu za ile mashine ya zamani mlizisoma?" akauliza.

"Tulikuta zimefutika, Mzee."

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa, kwa namna ile ile aliyokuwa akitikisa nikikosea mchoro kwenye karatasi ya kifurushi. "Hazifutiki zote, Jovi. Ukizifuta, mashine inaandika mstari mmoja mpya. Nani kafuta, saa ngapi. Nilikufundisha mengi, hilo nilisahau." Akavua miwani. "Niliusoma ile siku niliyoomba nusu saa."

Mkewe akaingia na sinia la ndizi na maharage, akaliweka katikati yetu, akamimina maji ya kunawa, akatoka. Mvuke ulikuwa unapanda. Naandika haya ili angalau mahali pamoja pawe na ukweli: alinipa nafasi, akanisubiri, nami nilikaa kimya nikiangalia lile sinia. Alisubiri mpaka mvuke ukapungua. Kisha akaigeuza fomu upande wangu, akaweka kidole penye nafasi iliyobaki tupu.

"Haya," akasema. "Hapa ni pa shahidi."

Nikasaini.